Bibi wa Kuazima kule Triana

Mwanamke aliyenipeleka Hispania alikuwa mwalimu wa densi hapa Johannesburg, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba nisimwite madam. "Niite Senyora," alisema, siku nilipokwenda kumpima gauni la kwanza. Alizaliwa Boksburg, mashariki ya jiji, na baba yake alikuwa muuza matairi. Lakini saa tatu asubuhi ungemkuta na ua jekundu la kitambaa sikioni, na gari likisimama kwenye robot alipiga makofi ya densi yake mpaka taa igeuke kijani. Nilimshonea kuanzia 2015 hadi 2019, na katika miaka hiyo sikumbuki siku hata moja niliyomheshimu. Nilimshonea vizuri tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni fundi wa Tanga. Kudarizi nilifundishwa na mama yangu, ambaye alitia viua kwenye kofia za wanaume mpaka macho yakamchoka. Hillbrow nilikuwa na chumba cha kazi juu ya duka la simu, pamoja na fundi mwenzangu, Mkongomani wa Lubumbashi, bwana mtaratibu aliyeshona suti za watu wa makanisa. Cherehani yake ilikaa dirishani, yangu mlangoni. Tulizungumza Kiswahili siku nzima, yeye chake, mimi changu, na tulipokosa kuelewana tulionyeshana kwa mkasi.

Ukumbi wa Senyora ulikuwa Sophiatown. Wanafunzi wake walikuwa wanawake wa makamo kutoka mitaa yenye kuta ndefu: mwanasheria, daktari wa meno, wake wa watu wenye makampuni. Walikuja kukanyaga sakafu kwa hasira, na hawakuwa na mtu wa kumkasirikia. Mimi niliwashonea magauni ya marinda, marinda juu ya marinda, nao wakayakanyaga na kuyachana, nami nikayashona tena.

Wote walijua hadithi ya bibi. Senyora aliisimulia kila mwanafunzi mpya alipoingia: kwamba bibi yake mzaa mama alitoka Triana, mtaa wa kale ng'ambo ya mto katika mji wa Sevilla, mtaa wa wafinyanzi na mabaharia na wacheza densi, na kwamba alikuja Afrika akiwa msichana na hakurudi tena. Niliiamini kwa miezi kadhaa. Kisha mama yake Senyora mwenyewe akaja kupimwa gauni la harusi ya mjukuu. Alikuwa mzee mchangamfu, miguu imevimba. Nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni, nikamuuliza kama mama yake aliwahi kumfundisha densi ya kwao.

"Mama yangu mimi?" akasema. "Alizaliwa Bloemfontein, akafia Boksburg. Hata bahari hakuiona." Akacheka, kisha akanishika bega. "Mwache. Tangu utotoni anataka kuwa mtu mwingine."

Nilimwacha. Mwanzoni mwa 2017 Senyora akapanda ngazi zetu za Hillbrow akiwa amekumbatia hariri nyeupe. Alitaka shali kubwa, maua ya rangi pembe zote nne, matamvua marefu ya kufungwa kwa mkono. "Na ionekane kama imelala sandukuni miaka sitini," akasema. Nilidarizi miezi mitatu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizofanya katika nchi hii, nasema bila haya. Ilipokwisha nikachemsha chai ya rangi, nikaiacha ipoe, nikaichovya shali humo mara mbili ili weupe wake ugeuke kuwa wa mfupa.

Mwenzangu aliacha kushona akanitazama. "Mama, hii kitambaa uliteseka nayo miezi tatu," akasema. "Sasa uko naichafua?"

"Mteja anataka iwe kuukuu."

"Wazungu," akasema, akarudi kwenye suti yake.

Nilidhani ni ya jukwaani. Jukwaani kila mtu anajua anadanganywa, na amekuja kwa hiari yake. Juni, baridi ya Joburg ilipokuwa inauma mifupa, Senyora akaniambia nitafuatana nao Sevilla wiki mbili kwenye mafunzo ya densi. Yeye, wanafunzi watano, na mimi wa kushona vitakavyochanika. Cheti changu cha ukaazi kilikuwa halali, barua akaandika yeye, viza ikatoka. Wenzangu wa Tanga walinipongeza kama ninakwenda Makka.

Julai ni mwezi ambao wenyeji wa Sevilla wenye akili hufunga madirisha na kukaa gizani. Sisi tulitembea juani, wanawake sita wenye kofia za majani na mimi nyuma na begi. Chumba changu ndicho kilichowekwa ubao wa kupigia pasi. Asubuhi walikwenda darasani, ambako mwalimu wa kweli, mama mfupi asiyecheka, aliwasahihisha mpaka mmoja akalia. Senyora alimweleza kuhusu bibi. Yule mwalimu akaitikia kwa kichwa, kisha akamwambia mkono wake wa kushoto umekufa.

Siku ya tano ikawa ya kutembezwa Triana. Senyora alikwishaandikiana na mwongoza watalii tangu Joburg. Akaniambia nije, nibebe maji na begi, na ndani ya begi niweke ile shali. "Usiitoe mpaka nikuambie," akasema. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, na bado nikaikunja vizuri na kuiweka karatasi katikati isikunjamane.

Mwongozaji alitungoja kwenye daraja la chuma, kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limekolea jasho, mwavuli wa manjano mkononi ili tusimpoteze. Ng'ambo ya mto nyumba za rangi zilikuwa zimejipanga kando ya maji. Alizungumza Kiingereza cha kukariri. Alikuwa na mahali pa kuchekesha na mahali pa kunyamaza, na akinyamaza alitazama mto kama mtu aliyefiwa. Kila kituo alisema, "Sasa, marafiki, fumbeni macho." Wanawake wakafumba. Nimelipiwa safari kutoka upande wa pili wa dunia nije nione mahali, na mtu ananiambia nifumbe macho. Mimi niliyaacha wazi, nikaona kwamba wakati wao wamefumba yeye anaangalia saa.

Alituonyesha kikanisa kidogo mwisho wa daraja. Alitupeleka sokoni, akatuambia chini ya vile vibanda vya samaki na nyama ya nguruwe kuna magofu ya ngome, ambamo baraza la kanisa liliwafunga na kuwahukumu watu kwa imani zao miaka mingi. "Na leo tunauza mapaja ya nguruwe," akasema, akangoja wacheke. Walicheka. Kabla ya hapo, akasema, Waislamu walikaa hapa karne nyingi, kisha wakaondoka. Alisema hivyo tu, wakaondoka, kama watu walioona jua linazama wakakumbuka kwao. Mwanasheria akanigeukia kwa huruma, kwa sababu nilikuwa nimevaa ushungi, akaniuliza kama nimeguswa. Nikamwambia nimeguswa na kiatu.

Mitaa ilikuwa myembamba, na katika ule mmoja maduka yote yaliuza vigae vya kupakwa rangi. Tanuri za wafinyanzi zimezimwa, akatueleza, zimefanywa makumbusho. Watu wa hapa wanapenda sana kulionyesha jambo baada ya kulimaliza. Daktari wa meno alinunua kigae chenye picha ya limau. Senyora hakununua kitu. Alitembea mbele, kidevu juu, akigusa kuta kwa ncha za vidole.

Kisha mwongozaji akatusimamisha kivulini kando ya kanisa la kale, sauti akaishusha. Akasema Triana ilikuwa mtaa wa Wajipsi, wahunzi na waimbaji, walioishi familia nyingi katika nyumba moja zikizunguka ua mmoja na bomba moja la maji. Densi tunayojifunza ilitoka kwenye nyua hizo. Halafu, nusu karne na zaidi iliyopita, wakatolewa. Nyumba ziliambiwa ni mbovu, watu wakapelekwa kwenye maghorofa nje ya mji, na nyumba zikatengenezwa kwa ajili ya wengine.

Mwanasheria akaanza kulia. "Hebu fikirieni," akasema. "Unachukuliwa kutoka kwenye nyumba yako na kutupwa pembeni ya mji." Wengine wakamshika mikono. Daktari wa meno akasema ni unyama ambao hawezi hata kuuwaza.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta na chupa zao za maji. Ukumbi wanakokanyagia sakafu kila Jumamosi uko Sophiatown. Kila mtu Joburg anajua malori ya serikali ya ubaguzi yaliwachukua akina nani pale, yakawapeleka Soweto, na nyumba zao zikavunjwa. Hawa wanawake waliegesha magari yao juu ya hadithi hiyo kila wiki na hawakuwahi kupoteza chozi. Ilibidi wapande ndege kwa saa kumi na kitu ili waumie. Nilitaka kusema. Nikawagawia maji.

Tukaingia kwenye mojawapo ya zile nyua. Mlango wa chuma ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na baraza la ghorofa mbili kuzunguka sakafu ya mawe, vyungu vya maua ukutani, nguo zimeanikwa juu, kisima kimefunikwa ubao. Palikuwa na ubaridi mzuri. Senyora akaingia hatua tatu, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Ni hapa," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akinieleza. Kisima. Ngazi upande wa kushoto."

Mwongozaji akatazama chini, uso hauna kitu. Senyora akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Mama. Shali."

Ningeweza kusema nimeisahau hotelini. Nilifungua begi, nikaondoa karatasi, nikamtandaza mabegani, na hata tamvua moja lililojisokota nikalinyoosha. Wanawake walishika vinywa. Walikuwa hawajaiona kabla. Senyora akawaeleza, machozi yakimtoka kweli kweli, kwamba hiki ndicho kitu pekee bibi alichotoka nacho katika ua huu.

Mlango mmoja wa chini ukafunguka, akatoka bikizee mwenye aproni, ndoo ya plastiki mkononi. Aliuliza kitu, mwongozaji akamjibu kwa maneno mengi. Bikizee akaweka ndoo chini, akaja taratibu mpaka kwa Senyora. Hakumtazama usoni. Alishika pembe ya shali, akaigeuza upande wa nyuma.

Mtu asiyejua kazi hutazama maua. Anayejua hugeuza. Huko nyuma ndiko uzi unakosimulia kila kitu, mahali ulipochoka na mahali ulipoiba njia. Alipitisha kidole gumba juu ya mishono yangu, pole pole, waridi moja baada ya jingine, kama mama yangu alivyokuwa akikagua kofia. Kisha akalowesha kidole kwa ulimi, akasugua hariri, akanusa. Akatutazama mmoja mmoja, na hakutazama nyuso, alitazama mikono. Alipofika kwangu akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaugeuza, akaangalia ncha ya kidole cha shahada, ambapo ngozi imetobolewa na sindano tangu nina miaka minane. Chake kilikuwa vile vile. Akakibonyeza kidole changu mara moja, akakiachia. Halafu akasema maneno. Yalikuwa mengi, na sauti yake haikuwa ya kukaribisha wageni.

Mwongozaji akatugeukia. "Anasema ni shali nzuri sana," akatafsiri. "Anasema karibuni Triana."

Wakapiga makofi. Senyora akamkumbatia bikizee, akambusu shavu hili na hili. Bikizee alisimama kama nguzo, kisha akajipangusa mashavu kwa aproni, akachukua ndoo yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Mwanasheria alisema hajawahi kuona kitu kitakatifu namna ile.

Matembezi yaliishia kwenye mkahawa kando ya mto. Wao walikaa kunywa mvinyo, na mimi nikasema naenda darajani kupunga upepo, ingawa upepo haukuwapo. Mwongozaji alikuwa hapo, mwavuli kwapani, anavuta sigara.

"Yule mama alisema nini?" nikamuuliza kwa Kiingereza changu.

"Nimetafsiri."

"Alisema maneno mengi. Wewe umetafsiri machache."

Akanitazama, kisha akacheka kidogo. "Alisema, mwambie mwenye vidole hivi kwamba mshono wake wa nyuma ni safi kuliko wangu nilipokuwa kijana. Na mwambie yule mwingine kwamba chai haizeeshi hariri. Inaichafua tu."

Sikujua nifurahi au nizame mtoni. Nikamuuliza anapata nini kwa kudanganya.

"Mimi natembeza watu, siwahukumu," akasema. "Karibu kila wiki naleta mtu mwenye bibi kwenye ua ule. Una kisima, una ngazi kushoto. Nusu ya dunia imezaliwa pale."

"Na wewe? Unavyoshusha sauti pale kanisani, nawe una bibi wa kuazima?"

Niliuliza kwa ubaya, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimemdharau, yeye na kunyamaza kwake kwa kupanga. Alizima sigara kwenye ukingo wa daraja. "Baba yangu alizaliwa ua wa tatu kutoka ule," akasema. "Alitolewa akiwa mtoto. Mimi nakaa kwenye yale maghorofa niliyowaeleza. Nakuja hapa kwa basi."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuuliza." Akafungua mwavuli ajikinge jua, kwa sababu kundi jingine lilikuwa linakuja. "Tena ningewaambia, wangetaka kupiga picha na mimi."

Huyo ndiye mtu pekee katika safari ile ambaye nilimdharau asubuhi na nikashindwa kumdharau jioni.

Septemba ile Senyora alifanya onyesho kubwa Joburg. Kabla ya densi ya mwisho alisimama mbele ya watu na shali mabegani, akasimulia kuhusu ua. Hadithi ilikuwa imenenepa. Sasa bikizee alikuwa jirani wa bibi, aliitambua shali alipoiona tu, na alimshika Senyora uso akisema una macho yake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na pini zangu. Nikawatazama wale wanafunzi watano, waliokuwapo pale na kuona kwa macho yao mzee anajipangusa mashavu. Walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Mwanasheria alikuwa analia tena.

"Damu yangu ni ya watu waliofukuzwa," Senyora akamalizia, na ukumbi ukasimama kupiga makofi. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumewahi kuteremsha mlango wa bati wa chumba chetu na kukaa kimya ndani mchana kutwa, kwa sababu huko chini mtaani watu walikuwa wanawasaka wageni. Wiki ile Senyora alinipigia simu mara moja. Aliuliza kama marinda yake mekundu yako tayari.

Baada ya onyesho akaja na oda. Wanafunzi wanne nao walitaka shali. Daktari wa meno alikuwa amekumbuka kwamba kwao kulikuwa na Mreno. Mwanasheria alihisi tu, bila ushahidi, kwamba alikuwa na mtu Triana. "Zichovye kama ile yangu," Senyora akaniambia, kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza tulitazamana tukijua sote tunajua. Hakuona haya hata kidogo. Nilitegemea angalau atazame pembeni.

Mwaka 2019 alifunga ukumbi akahamia Cape Town, ambako nasikia bibi amehamia naye. Mimi nilibaki Hillbrow na sare za shule na za akina mama wa kanisa. Wateja walipenda kunisikiliza nikisimulia kuhusu Triana, na niliisimulia vizuri. Niliwaigizia Senyora na kidevu chake, wanawake na macho yao ya kufumba. Watu walicheka mpaka wakashika ukuta. Na mwisho nilisema kwamba pale uani nilimgeukia Senyora mbele ya wote nikamwambia, "Shali hii nimeitia chai mwenyewe, Hillbrow." Na kwamba alipoleta oda ya shali nne nilimrudishia hariri yake.

Siku moja nilikuwa nikimsimulia hayo mama mmoja wa Bukavu, aliyekuja kuulizia blauzi yake ya kwaya. Mwenzangu wa Lubumbashi alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Mama alipotoka kwenye korido kupokea simu, akasema polepole:

"Lakini mama, zile shali zote ine ulishonaka. Mi nilikuwaka hapa."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatia kifungo. Mimi niliangalia mguu wa cherehani yangu, na nilijiona nimesimama katika ua ule na kitu cha kubuni mabegani, watu wakinipigia makofi.

Mama wa Bukavu aliporudi nikamwambia, "Samahani, dada, nimekudanganya. Pale uani sikusema neno. Na shali nilizishona, zote nne."

Alinitazama bila kuelewa kwa nini namwambia. "Haizuru," akasema. "Sasa blauzi itakuwa tayari Jumamosi?"

Nikamwambia itakuwa tayari Ijumaa.